Uzi: Mchanga uliokuja wenyewe mbele ya Malindi ni wa nani?

#1 MwanaShella
Salama wanauzi. Nina jambo linanitafuna tangu Ijumaa.

Nilitoka Shella kwa miguu baada ya Alasiri, nikafuata ufuo kwenda kaskazini. Kuna hoteli moja ya zamani, jina nalificha, yenye ngazi za saruji za kushukia baharini. Utotoni maji ya bamvua, yale yanayojaa kupita kiasi, yalikuwa yakifika ngazi ya tatu kutoka juu, nasi tukikaa pale kushindana nani atakimbia wa mwisho wimbi likija. Ijumaa nimekuta ngazi mbili tu. Zilizobaki zimezikwa na mchanga. Ukutani magamba ya chaza bado yameng'ang'ania saruji, makavu lakini makali vilevile, na chini yake mlakasa umetambaa na maua yake ya zambarau. Bahari yenyewe iko kuleee.

Kilichonikera ni hiki: mbele ya ngazi, pale tulipokuwa tukipiga mbizi, pana vigingi vipya na waya. Askari akaniambia nizunguke chini karibu na maji, hapo pana mwenyewe. Nikamuuliza mwenyewe nani, akacheka.

Mchanga huu haukuuzwa, haukurithiwa, haukumegwa kutoka shamba la mtu. Umekuja na maji. Ni wa nani?

#2 Pweza_Mkavu
Wa aliyewahi kununua waya.

#3 BintiMambrui
Wa bahari, na siku yake itaufuata. Nyanya yangu alikataa katakata kujenga mbele ya mnazi wa mwisho, tukamcheka. Desemba 26, 2004, ile siku ya tsunami, maji yalipokwenda na kurudi ovyo ovyo, watu walikuwa wakikimbilia mashua zao. Kwa nyanya hata kuku hakulowa. Nyinyi pimeni tu viwanja.

#4 Wakili_wa_Kibarazani
Mimi si wakili, jina ni la utani, ila kusoma nasoma. Katiba ya 2010, kifungu cha 62: ardhi yote iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma. Na kutoka alama ya kujaa kwenda juu kuna mita 60 za serikali. Kwa hivyo mwenye waya ameingia mali ya umma mara mbili. Kesi imekwisha.

#5 Kombe_Tupu
Mita 60 au 30? Mwaka 2024 wakati wa mafuriko serikali iliwaambia watu wa Nairobi watoke ndani ya mita 30. Kila mwaka namba mpya.

#6 FundiRamani
Nimekaa miaka mingi nyuma ya wapima ardhi, nikibeba chombo na kuchimbia bikoni, zile alama za mpaka wa kiwanja. Naomba niwafungulie fundo, maana hapa mmechanganya biriani na uji.

Mita 30 ni habari ya mito. Kanuni za maji zinasema ukingo wa mto unaachwa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande, kutegemea upana wa mto. Watu wa Mathare na Mukuru walihamishwa kwa hiyo. Baharini haihusiki.

Mita 60 ni ya kanuni za upimaji, na hapa ndipo wengi huteleza. Zile kanuni zinasema ardhi ya serikali ambayo haijagawiwa, inayopakana na bahari, ikipimwa ili igawiwe, kwa kawaida unaachwa ukanda usiopungua mita 60 juu ya maji kujaa. Soma tena hapo: ambayo haijagawiwa. Viwanja vingi vya mbele hapa kwetu vina hati zilizotokana na ile sheria ya mkoloni ya 1908, iliyowapa watu nafasi ya kudai ardhi zao za pwani, na asiyedai ikaandikwa ya Mfalme. Mwenye hati hiyo humtishi kwa mita 60.

Sasa Mwana wa Shella, swali lako ni gumu kuliko unavyodhani. Mpaka wa mbele wa hati ya jirani yako umeandikwaje? Ukiandikwa kwa bikoni, pale bikoni ilipo ndipo kiwanja kinapokoma, hata bahari ihamie Lamu. Ukiandikwa "bahari", mpaka unatembea na bahari. Kuna hoja ya kale ya sheria ya Kiingereza kwamba mchanga ukiongezeka kidogo kidogo, mtu asione unavyoongezeka, ni wa mwenye kiwanja. Ukimwagwa kwa siku moja, si wake.

#7 Wakili_wa_Kibarazani
@FundiRamani asante, nimekubali la mita 60. Lakini Katiba iko juu ya hoja za Waingereza. Kati ya kujaa na kupwa ni umma, nukta.

#8 FundiRamani
Kati ya kujaa na kupwa, ndiyo. Lakini ule mchanga wa mwenzetu umekwisha kupanda, maji ya kujaa hayaufikii tena, ndiyo maana mlakasa umeota. Haumo tena kati ya kujaa na kupwa. Ulizaliwa umma, ukakua, ukahama nyumba. Hapo ndipo mawakili wa kweli hununulia magari.

#9 Pweza_Mkavu
Jamani mchanga nao una utu uzima.

#10 Dau_la_Ndizi
mimi nauliza tofauti, huu mchanga unatoka wapi? naskia ni mto Tana unaleta

#11 Mla_Tewa
Tana unamwaga Kipini huko, ndugu yangu, mbali kaskazini. Wetu ni Sabaki. Ni mto mmoja wenye majina matatu: Athi huko bara, ukipita Tsavo wauita Galana, ukifika kwetu ni Sabaki. Ni wa pili kwa urefu Kenya baada ya huo Tana wako. Unaanzia maeneo ya Nairobi, unapita Ukambani kote, kila shamba lililokatwa miti linatia mkono wake mtoni. Simama daraja la Sabaki mvua za vuli zikinyesha bara: maji yale ni chai ya maziwa iliyozidi majani.

Na si jambo la juzi. Wataalamu walitoboa tumbawe moja la zamani hapa hapa kwenye hifadhi ya baharini, lenye kumbukumbu ya miaka kama 300. Tumbawe hukua kwa pete kama mti, na kila pete hushika kilichokuwa majini mwaka huo. Ikaonekana tope la mto lilianza kuzidi mwanzoni mwa karne ya 20, yaani mkoloni alipofungua mashamba bara na watu wakasukumwa kwenye vilima. Hizo ngazi za MwanaShella zimezikwa na udongo wa Machakos.

#12 Mkamba_wa_Barani
Nimewasoma kimya tangu #1. Nashukuru @Mla_Tewa kwa kuthibitisha. Mchanga ni wetu. Turudishieni, au tutie sahihi tugawane kodi ya hoteli.

#13 Kombe_Tupu
😂 Leta lori.

#14 Mkamba_wa_Barani
Lori tunalo, tatizo kule kwetu nako mchanga wa mito unazolewa usiku kwa usiku wa kujengea magorofa. Nacheka lakini ni kweli, mito mingine imebaki mwamba mtupu. Na kuna bwawa la Thwake linajengwa Makueni, pale Thwake inapokutana na Athi. Likifungwa, sehemu ya hilo tope lenu itatua humo. Sasa @MwanaShella, huyo wa waya amejenga juu ya mkopo ambao sisi tunaweza kuukata.

#15 Nahodha_Kusi
Mie nimezaliwa na mashua. Tope peke yake halitoshi kueleza, angalieni upepo. Wakati wa kusi, Aprili hivi hadi Oktoba, mkondo wasukuma maji ya mto kwenda juu, Mambrui na Ungwana huko. Wakati wa kaskazi yageuka, yaja mjini. Ndiyo maana Disemba na Januari ghuba yetu yote ni nyekundu, na wageni ndio wameteremka kutoka ndege. Mzungu amelipa kuja kuona bahari ya buluu akaoneshwa mchuzi. Siku ya pili unampeleka Watamu kuogelea.

Nasi wavuvi tumeumia zaidi ya hoteli. Zamani ulifika karibu na jeti ukashusha kikapu. Leo maji yakipwa mashua inakaa chali kwenye tope, unasubiri muda wa saa tatu, ama unashuka na samaki kichwani, matope hadi magotini, samaki juani. Mnunuzi akimwona ana macho mekundu anakata bei. Halafu ukifika juu unakuta waya, wazunguka na kikapu chako. Kwa hivyo mimi sitaki kujua hati imeandikwa nini, nataka njia.

#16 Dau_la_Ndizi
basi jeti ndiyo imeleta mchanga. weka kitu baharini maji yanasimama mchanga unakaa. mbona hamsemi

#17 Nahodha_Kusi
Jeti imesimama kwa nguzo, kijana, maji yapita chini yake.

#18 Dau_la_Ndizi
nguzo pia zinapunguza nguvu ya maji. na kuta za mahoteli je

#19 Mla_Tewa
La kuta lina ukweli wake lakini kinyume. Wimbi likigonga ukuta hurudi na mchanga, ufuo hupungua mbele ya ukuta. Malindi ukuta umeshindwa na mchanga, si kawaida. Nenda kusini kwa Mnara wa Vasco da Gama, kwenye mawe, hutaona habari ya ufuo kukua namna hii.

#20 BintiMambrui
Na huku kwetu ng'ambo ya mto ni hadithi nyingine kabisa. Mchanga wetu una ulanga, jua likipiga unang'aa kama mtu kamwaga dhahabu, wageni huujaza kwenye chupa. Vilima vya mchanga navyo vinatembea: vikisukumwa na upepo vinafunika mashamba, mwaka mwingine vinafunua. Mjomba ana minazi, nusu yake inaonekana makuti tu. Nani apeleke waya hapo? Mlangoni mwa mto kuna heroe, ndege wa kila aina, na viboko. Aliyetaka kujenga mgahawa pale ukingoni alikutana na kiboko alfajiri, mradi ukaishia hapo. Hicho ndicho kitengo cha mazingira kisichokula rushwa.

#21 Pweza_Mkavu
Kiboko apewe ofisi kaunti.

#22 Mama_Kasa
Nimesubiri mtu amtaje kasa, hakuna. Haya.

Kasa hapimi kwa bikoni. Anapanda usiku, anatafuta mchanga mkavu usiofikiwa na bamvua, anachimba, anataga zaidi ya mayai 100, anarudi. Mayai yanakaa karibu miezi miwili. Ule mchanga mpya mnaogombania ndio anaoutaka: mkavu, laini, wenye mlakasa pembeni unaoushika usipeperuke. Na jina lenyewe mlakasa, wazee waliona nani wa hapo.

Mwaka jana tulikuwa na kiota mbele ya jumba moja la kukodisha, jina sisemi. Tulikizungushia fito na kibao. Asubuhi ya siku ya 40 na kitu nikakuta wamepitisha reki na trekta "kusafisha ufuo" kwa ajili ya harusi. Mlakasa wote umeng'olewa, mwani umekusanywa rundo, kibao kimeegemezwa ukutani kwa adabu kabisa. Mayai tuliyapata machache. Na waliobahatika kuanguliwa kwenye kiota kingine walielekea taa za bwawa la kuogelea badala ya baharini, kwa sababu mtoto wa kasa hufuata mwanga. Tuliwaokota na ndoo.

Hifadhi yetu ya baharini ilitangazwa mwaka 1978, kati ya za kwanza Afrika. Miaka yote hiyo na bado tunafundishana kuzima taa.

#23 Wakili_wa_Kibarazani
1968, Mama Kasa. Malindi na Watamu pamoja.

#24 Mama_Kasa
1968, ahsante. Kumi zaidi, aibu zaidi.

#25 Captain_Juma_si_jina_langu
Wakubwa kwa heshima zote. Mimi ni bichi boi, naongeza Kiitaliano changu cha kubahatisha, nalisha watu sita. Hapa kila mtu anazungumzia kasa, tumbawe, hati. Hoteli ikifungwa hamnioni tena kwenye uzi maana bando nanunua kwa hizo pesa. Hoteli nyingi hapa zimefungwa, mageti yana kutu, na sababu mojawapo wageni husema bahari imekimbia. Mtu akitia viti na makuti kwenye mchanga mpya apate kuwa karibu na maji, mimi naona kazi nne pale. Si kusema avunje sheria. Nasema msimfanye shetani.

#26 MwanaShella
Sijamfanya shetani, kaka. Viti na makuti mtu huondoa jioni. Vigingi vya chuma vilivyomwagiwa zege haviondoki jioni. Na wewe mwenyewe ukija na vinyago vyako utaambiwa uzunguke.

#27 Captain_Juma_si_jina_langu
Hapo umenipata. Nshaambiwa.

#28 Mwana_wa_Amu
Nimesoma #1 nikashangaa, Shela mchanga umeongezeka lini? Kwetu Shela maji yanalamba misingi ya nyumba za kifahari!

#29 MwanaShella
Shella ya Malindi, yakhe, mtaa wa kale. Si Shela yenu ya punda.

#30 Mwana_wa_Amu
Nyinyi mmeiba jina sasa mnatutusi punda. Haya, lakini nichangie.

Amu, yaani Lamu, mambo haya tumeyaona kabla yenu. Ndia Kuu, ile njia ya ndani ya maduka, zamani ndiyo ilikuwa ukingoni mwa bahari. Karne ya 19 mji ukajaza mbele, takataka, tope, mawe, nyumba zikapandishwa juu yake, na leo hiyo safu ya mbele mtalii anapiga picha akidhani iko hapo tangu dunia iumbwe. Mwaka 2001 UNESCO wakautia mji kwenye urithi wa dunia. Kwa hivyo ardhi iliyotwaliwa kutoka baharini yaweza kuwa turathi, ikitegemea nani amejenga na amewaachia watu njia au la. Mbele ya Amu mpaka leo kila mtu anapita, tajiri na mchukuzi.

Lakini Shela yetu nawaomba msiige. Yale matuta ya mchanga ndiyo birika letu: mvua inazama ndani, maji tamu yanakaa juu ya maji ya chumvi, visima vya mji vinanywa hapo. Kila nyumba ya gorofa inayosogea kwenye matuta inachota na kuchafua birika hilo hilo. Mtu anajenga bwawa la kuogelea juu ya kisima cha jirani.

Na la bandari mpya ya Lamu mwajua. Mahakama Kuu iliyokaa hapo kwenu Malindi mwaka 2018 iliamua wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa kuharibiwa uvuvi wao. Gati la kwanza likafunguliwa Mei 2021. Muulize mvuvi yeyote wa Amu hizo mbili zipi zilikwenda haraka.

#31 Nahodha_Kusi
Wasalimie Amu. Ndiyo maana nasema njia kwanza, fidia ni ya wajukuu.

#32 Chumvi_ya_Gongoni
Nyote mko mjini mnalia kwa waya mmoja. Njooni Gongoni hadi Marereni muone mashamba ya chumvi, mikoko ilikatwa yakachimbwa mabwawa, watu wakaambiwa si kwao. Tume ya taifa ya haki za binadamu ilikuja kusikiliza hadharani 2005, mwaka uliofuata ripoti ikatoka. Baba yangu alisimama akatoa ushahidi kuhusu njia ya kwenda baharini. Njia. Neno hilo hilo la nahodha.

#33 Kombe_Tupu
Uzi umetoka kwa mchanga umefika chumvi, bado pilipili.

#34 FundiRamani
Turudi kwa ngazi. @MwanaShella, kabla hujapeleka barua popote, mambo mawili. Kwanza tafuta ramani ya hati ya hicho kiwanja, uone mpaka wa mbele umeandikwaje. Pili, pima kutoka ngazini hadi alama ya maji, na upime siku ya bamvua, si maji mafu, maana hapa tofauti ya maji hufika mita 3 na zaidi na ufuo ni tambarare. Ukienda siku ya maji mafu mwenye waya atakuwa na haki ya kukucheka.

#35 BintiMambrui
Na bahari inapanda dunia nzima, msisahau. Tope linashinda leo. Bwawa likifungwa huko bara na maji yakiendelea kupanda, mtakuja kunitafuta mjengee nyuma ya mnazi wa nyanya.

#36 Mla_Tewa
Sidhani itakuwa haraka hivyo, Sabaki ina tope la kutosha chini ya Thwake. Lakini sibishi na nyanya.

#37 MwanaShella
Nimerudi jana, bamvua. Nimesubiri maji yajae nikafuata ule mstari wa mwani na vifuu uliobaki mchangani. Askari ni yule yule. Nilipomwambia napima tu akaona nachelewa, akavua viatu akanisaidia. Anatoka Barani, mtaa wa hapa Malindi, babake alikuwa mvuvi, naye ngazi zile anazikumbuka, ila yeye anasema maji yalifika ngazi ya nne, si ya tatu. Tumebishana hapo robo saa.

Kutoka ngazini hadi mstari wa mwani nimehesabu hatua 187. Yeye kahesabu 203. Vigingi viko hatua 60 na kitu kutoka ngazini. Bikoni ya zamani tumeitafuta, kama ipo imo chini ya mchanga.

#38 Pweza_Mkavu
Hatua za nani ndizo za kikatiba?

#39 Mkamba_wa_Barani
Askari wa Barani ni jirani yangu huyo, ana miguu mifupi. Chukueni 187.

#40 FundiRamani
Acheni hatua. Nakuja Jumamosi na utepe wa mita 100 na jembe la kutafutia bikoni. Nataka mtu mmoja wa kushika upande wa majini, mimi siogelei.